Mgeni Aliyesema Murakoze

Ulifika wakati watu wazima wa mtaa ule walikuwa wanaogopa kushukuriwa. Anayebisha aende Rumonge akaulize, ila asimuulize Hadji Waziri, maana Hadji bado ana hasira na mlango wake.

Murakoze ni neno la kila mdomo huku kandoni mwa ziwa. Ni Kirundi, maana yake asante, na hata Mswahili aliye Mswahili mpaka kisiginoni, hata Mkongomani aliyevuka juzi kutoka Fizi na godoro lake kichwani, hulisema kabla hajajua kuomba maji. Unapimiwa ndagala, wale dagaa wa ziwani, murakoze. Unashuka kwenye pikipiki, murakoze. Mkutano ukiisha, anayeongoza anasema murakoze, watu wanapiga makofi na kwenda kula. Ni neno lisilo na meno kabisa.

Sasa siku moja mteja kutoka Gatete alijaziwa bidoni yake ya mawese pale kwa Hadji Waziri. Akalipa, akainama kidogo kwa adabu, akasema, "Murakoze, Hadji."

Hadji akaangusha kikombe cha kupimia. Mawese yakamwagikia kanzu.

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi, Hadji? Nimeshukuru tu."

"Kashukuru kwako!"

Yule mteja alirudi Gatete akisema kuwa tajiri wa mawese wa Rumonge ameanza kuchanganyikiwa. Hakujua kwamba mtaa mzima umechanganyikiwa, na kwamba aliyeuchanganya ni msichana mmoja mwembamba, Raisa, mtoto wa dada yake huyo huyo Hadji.

Raisa alikuwa amemaliza shule ya sekondari na hakuna kazi iliyokuja kumchukua, basi yeye akaikamata brashi. Aliandika majina kwenye mitumbwi na kuchora vichwa kwenye mabango ya saluni za wanaume. Vile vichwa vyenye nywele zilizokatwa kwa rula, shingo ndefu, macho yanayoangalia mbali kama mtu anayengoja jibu la ubalozi, vyote vilikuwa vyake. Mdomo wake nao ulikuwa hauna breki. Mvuvi akimwambia, "We Raisa, niandikie Simba wa Maji," yeye humjibu, "Simba gani, kaka, na jana ulimkimbia bata?" Watu walicheka, wakalipa, wakaondoka. Na Jumamosi asubuhi aliwakusanya watoto kwenye baraza la stoo ya mjomba wake, akawasomea hadithi. Mjomba aliruhusu kwa sababu watoto waliotulia barazani hawaibi mawese.

Nyuma ya stoo hiyo ndiko kulikokuwa na mashine ya Hadji ya kukamulia mawese, na nyuma ya mashine, shimo. Matunda ya michikichi yakishachemshwa na kukamuliwa, maji ya moto yanayobaki na takataka zake humwagwa humo. Juu yake hufanya utando wa rangi ya udongo. Majani yanatua, kuku anapita, na wewe ukiangalia unaona ni ardhi kama ardhi nyingine. Chini yake kunachemka.

Mvua za mwaka uliotangulia, Elda aliingia humo akikimbiza tairi lake. Elda ni mtoto wa miaka saba, binti wa Vestine, mama kutoka Fizi anayeanika ndagala kwenye vichanja vya ufukweni. Bahati, ukiweza kuiita bahati, ni kwamba mguu mmoja tu ndio uliozama. Uliungua mpaka gotini. Alilala hospitali mpaka manesi wakaanza kumtuma chumvi kama mtoto wa nyumbani.

Na mtaa ulifanya nini? Mtaa ulisema. Ulisema shimo lile lina mwenyewe. Ulisema mwenye shimo huvuta watoto wasiosikia. Wa msikitini walileta dua, wa kanisani walileta maombi, tena kwa zamu, bila ugomvi hata kidogo, kwa maana kusema na shimo hakuchoshi mgongo. Hadji mwenyewe alipeleka sabuni hospitalini na kumwambia Vestine kuwa ni mipango ya Mungu. Na muda wote huo, mlango wa zamani wa stoo, mbao nzito, mzima, ulikuwa umeegemea ukuta kando ya shimo. Hadji aliung'oa alipoweka mlango wa chuma, kwa sababu ya wezi. Wezi walizibiwa njia wiki hiyo hiyo. Shimo likaachwa linapumua.

Raisa hayo yote aliyaona, akayafanyia utani kama kawaida yake. Mpaka siku Elda alipomfuata ufukweni, kitenge kimefungwa kiunoni mpaka kwenye vidole kuficha mguu, akasimama kando ya mtumbwi uliokuwa unaandikwa jina.

"Yaya Raisa." Kwa Wakongomani yaya ni dada mkubwa. "Nikuulize?"

"Uliza, lakini swali la hesabu peleka kwingine."

"Kwa nini alinichagua mimi?"

"Nani?"

"Wa mu shimo. Banasema anachukuaka watoto ba kichwa nguvu. Mimi nilifanyaka nini? Nilifikiriaka, sikuona. Labda ni ile siku nilikula sukari."

Raisa alitafuta utani. Aliutafuta kichwani, akautafuta mdomoni, hakuupata. Brashi ikabaki hewani na rangi ikadondoka mchangani. Mtumbwi ule ulitakiwa kuitwa Neema ya Mungu. Mwenyewe aliupeleka majini vile vile, na mpaka leo unavua kwa jina la NEEMA YA MU.

Kilichompanda Raisa siku ile si huruma. Huruma mtaa ulikuwa nayo ya kumwaga. Ilikuwa hasira, ile inayokufanya ufue nguo iliyo safi. Mtoto ameunguzwa na uzembe wa watu wazima, halafu amepewa na kosa la kubeba! Sukari! Kijiko kimoja cha sukari!

Akakaa chini akachora kitabu.

Kilikuwa na kurasa chache, kalamu ya wino mweusi na masizi, na kila mahali penye hatari alipaka mawese kwa kidole, ile rangi yake nyekundu ya machungwa, ikaingia kwenye karatasi na kuzidi kutanuka kila siku kama doa lenye nia. Ndani yake kulikuwa na dude la shimo. Lakini Raisa hakulichorea pembe, wala meno, wala kucha. Alilichorea kichwa cha saluni. Nywele zimekatwa kwa rula, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia imeshikwa kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyekuja kuposa. Miguu tu ndiyo iliyokuwa mibaya, mikubwa, yenye maji, inaacha alama kila inapokanyaga. Akamwita Mgeni.

Mgeni hakumkimbiza mtu. Ukurasa wa kwanza, mama anamimina mafuta ya taa kwenye chupa ya soda na kuiweka chini ya meza, Mgeni amesimama mlangoni, ameinama, anasema, "Murakoze." Wa pili, waya wa umeme umening'inizwa kwenye kamba ya nguo; Mgeni yuko dirishani: "Murakoze." Sufuria inayochemka imeachwa chini, wazi, mwenye kupika kaenda kupiga soga: "Murakoze, mama." Kila ukurasa anasogea karibu kidogo na anayesoma. Ukurasa wa mwisho ni shimo. Hakuna mtoto. Kuna ndara moja tu, ndogo, na mlango wa mbao umeegemea ukuta. Mgeni ameweka mkono juu ya mlango ule kama unavyomshika rafiki begani. Kwa mara ya kwanza anakuangalia wewe, msomaji, machoni kabisa.

"Murakoze cane," anasema. Asanteni sana.

Watoto walipiga kelele mpaka kuku wakapanda juu ya paa. Kisha wakasema, "Tena!" Watoto ndivyo walivyo, ukiwatisha vizuri wanakulipa kwa kurudi. Raisa alisoma tena na tena, sauti ya Mgeni akiifanya laini, ya chini, yenye adabu iliyopita kiasi.

Elda peke yake hakupiga kelele. Wenzake walipotawanyika alibaki na kitabu mapajani, akaenda mwisho, akarudi mwanzo, kidole kinatembea chini ya maneno.

"Unatafuta nini?"

"Pale ananiambia urakoze."

Hapa asiyejua Kirundi nimsogezee kiti. Mtoto mmoja, au mwenzako wa rika, unamwambia urakoze. Mtu mzima wa kuheshimiwa, au watu wengi, ndiyo murakoze. Tofauti ni herufi moja, na mtoto wa Rumonge anaijua kabla hajaota meno ya pili, kwa sababu akiikosea anapigwa kofi.

"Hakuna pahali hapo," Raisa akasema polepole. Mwenyewe alikuwa hajaliona hilo.

"Ni murakoze tu?"

"Murakoze tu."

Elda akafikiri. "Kumbe ni bakubwa ndio balimupa. Mimi sikumupa kitu."

"Wewe hukumpa kitu, Elda. Hata ile sukari hakuionja."

Mtoto akafunga kitabu. Kesho yake alionekana sokoni amefunga kitenge chake kichwani, kama mama anayekwenda harusini, na mguu wenye kovu unatembea juani kama mguu mwingine wowote. Vestine alipouona aliacha ndagala zake, akageukia ziwa, akajifanya anatafuta mtumbwi wa mtu.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini watoto hawana kabati la kufungia neno zuri. Raisa alipiga fotokopi chache, na ndani ya wiki mtaa mzima ulikuwa na Wageni wadogo wadogo. Mama akiacha kisima bila mfuniko, mtoto wa jirani anatokea ukutani, kofia ya baba kifuani, anainama: "Murakoze." Dereva wa pikipiki akipakia watoto watatu mbele na nyuma: "Murakoze, papa." Huwezi kumpiga. Utamwambia baba yake nini, kwamba mwanao kanishukuru?

Na watu wazima ndio waliokosa usingizi. Casimir wa saluni alikuja kulalamika kuwa wateja hawataki tena kukatwa kama kwenye bango. "Wanasema anawaangalia," akasema, na yeye mwenyewe alikuwa ameligeuza bango kuelekea ukutani. Mama mmoja alimwaga mafuta ya taa aliyoyaweka kwenye chupa ya soda, akaenda kununua bidoni, huku akimtukana Raisa njia nzima. Na Hadji, kama tulivyoona, alimwagikiwa kanzu.

Hatua iliyofuata ilikuwa ya wazi kwa kila mwenye akili: kuziba. Wakakubaliana kuziba kitabu.

Mkutano uliitwa Jumamosi, saa za kusoma, uwanjani kwa Hadji, nyuma ya stoo. Shefu wa mtaa, Venanti, alikuja na miwani ambayo huivaa kwa ajili ya hukumu tu. Wazee walitengenezewa benchi: ubao mpana juu ya matofali, umefunikwa kitambaa cha maua. Watoto walipanda ukutani. Vestine alisimama nyuma na beseni lake. Raisa aliitwa mbele, akaambiwa abaki amesimama.

"Asalaam aleikum, mjomba," alianza.

"Usiniite mjomba kwenye jambo la serikali," Hadji akasema.

Wakaanza. Yule mama wa mafuta ya taa alisimama wa kwanza. "Mutoto wangu hanywi Fanta tena! Anaiangalia tu, anauliza, ndani iko nini? Huo ni ulezi gani?"

"Na wiki iliyopita ndani ilikuwa iko nini, mama?" Raisa akauliza.

"Unaona? Unaona mdomo?"

Casimir akasema lake la bango. Mwalimu mmoja mstaafu akasema kuwa zamani hadithi zilikuwa na sungura. Hadji alisimama wa mwisho, akajifuta uso. "Sisi hatukatai vitabu. Kitabu ni nuru. Lakini hiki kinatisha watoto. Watoto wetu wanaogopa, Shefu, na mtoto akitishwa anaharibika akili."

"Hatuogopi!" ukuta mzima ukaitika.

"Nyamazeni!" akasema Shefu Venanti. "Mnaogopa!"

Raisa alitaka kucheka. Kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, na hapo ndipo alipokiona kitambaa cha maua. Kilikuwa kimezama mahali fulani, kwenye ukingo wa benchi, kati ya paja la Casimir na paja la mwalimu. Kimezama duara, ukubwa wa ngumi. Ni tundu la kitasa kilichong'olewa.

Akaangalia ukuta kando ya shimo. Mtupu.

Wameuchukua. Mwaka mzima mlango ule ulikuwa mzito mno. Mtoto aliungua, haukusogea. Dua zilisomwa, maombi yakaombwa, sabuni ikapelekwa, mlango haukusogea. Leo kumetokea kitabu, na mikono ya kuubeba imepatikana! Umebebwa, umefutwa vumbi, umefunikwa maua, na makalio ya heshima yamewekwa juu yake ili yakae kwa raha wakati wanaposema ni nani anayetisha watoto. Nalo shimo liko pale pale nyuma yao, limeachama, majani yametulia juu yake.

Raisa alisikia kwa mbali hukumu ikisomwa: fotokopi zote zirudishwe, kitabu chenyewe kikabidhiwe kwa Shefu, kusoma barazani kumekwisha, na Raisa aombe radhi mbele ya wazee hapa hapa.

"Nafikiri tumeelewana," akamalizia Shefu Venanti, akavua miwani, akainama kidogo kwa adabu, na kwa mazoea ya mikutano ya maisha yake yote, akasema:

"Murakoze."

Hakuna aliyepiga makofi.

Lilitoka laini, la chini, lenye heshima. Mama wa mafuta ya taa alishika kifua. Casimir aliangalia nyuma yake. Shefu mwenyewe alibaki ameinama, kofia yake ya kazi kifuani, mikono miwili, na ukuta mzima wa watoto ulikuwa unamwangalia kwa macho makubwa kabisa, kwa sababu Mgeni alikuwa ametoka kwenye karatasi na alikuwa na kitambi.

"Yaani," Shefu akasema haraka, "nilikuwa nataka kusema, asante. Kwa Kiswahili."

Ilizidi kuwa mbaya.

"Shefu," akasema Raisa, "niko tayari kuomba radhi. Ila nimelelewa vizuri. Naomba wazee wasimame kidogo."

Wazee wakatazamana. Wakadhani ni adabu, labda atapiga magoti, labda kutakuwa na dua. Wakasimama, mmoja mmoja, wakikung'uta kanzu na suruali.

Raisa akakivuta kitambaa. Mlango ukabaki uchi pale juani, na tundu lake la kitasa. Akaushika upande mmoja. Ulikuwa mzito kweli. Hilo wazee hawakudanganya. Kabla hajauliza nani atashika upande wa pili, beseni lilikuwa limeshawekwa chini na Vestine alikuwa ameshainama.

"Mlango wangu!" Hadji akapaza sauti. "We Raisa! Huo ni mti wa gharama! Huo nimeuweka kwa ajili ya—kwa ajili ya—"

Wanawake wawili wakampita, mlango kati yao, mwalimu wa sungura akaruka pembeni. Wakaufikisha na kuuachia. Ulianguka juu ya shimo kwa kishindo kilichorusha majani, ukalifunika pande zote na kubaki. Haukuchukua hata muda wa Casimir kunyoa ndevu.

Watu walisimama wakiangalia. Hadji alikuwa anahema. Alitazama mlango wake, akatazama uso wa mmoja na mwingine, akakasirika kama mtu aliyetoa zaka akakuta hakuna aliyemwona.

"Haya. Mlango wa watu umekwenda. Na hakuna hata mmoja wa kusema asante?"

Vestine alikuwa ameshaanza kujitwisha beseni lake. Akalishusha tena.

"Hadji," akasema, bila kupaza sauti, "yako uliishapewa. Ule wa chini alikupa mwaka muzima. Mimi sina ingine."

Shefu Venanti aliondoka na kitabu kwapani, maana hukumu ni hukumu. Ana watoto sita nyumbani. Raisa alimtazama akienda, mawese yakitoka kwenye kurasa na kuanza kuingia kwenye shati lake jeupe, akataka kumwambia, kisha akaona si kazi yake.

Watoto walishuka ukutani. Elda alifika wa kwanza. Alikanyaga mlango kwa mguu wenye kovu, kidogo, kisha kwa uzito, kisha akaruka juu yake mara nyingi kwa fujo mpaka Hadji akafumba macho. Halafu akalala kifudifudi, akaweka sikio kwenye tundu la kitasa, na wenzake wote wakamzunguka.

"Anasema nini?" Raisa akauliza.

Elda alisikiliza sana. Kisha akavua kitenge chake, akakikunja, akakisokomeza kwenye tundu kwa ngumi.

"Hasemi kitu."